Jina la Namba Saba

Mume wangu Urbanus Mutuku ni mtu wa kufunga. Akitoka nyumbani anafunga kufuli, anatembea hatua kumi, anarudi kulivuta kuona kama limeshika. Sufuria zangu zote amezipiga alama ya rangi nyekundu chini, ati zisichanganyike na za majirani. Nimeishi naye miaka kumi na minne na tabia hii imenichosha, lakini lazima nianze nayo, kwa sababu ndiyo iliyotufikisha tulikofika.

Alitoka Machakos akiwa fundi wa redio. Nairobi akapata kibarua cha kuvuta waya za kompyuta kwenye maofisi ya Upper Hill, na kwa kuwa anapenda kuuliza maswali mpaka watu wanakereka, akajua mengi kuliko waliomwajiri. Mwezi wa tano mwaka 2007, ofisi moja ilikuwa inahama, wakampa ruta kuukuu waliyotaka kuitupa. Aliileta nyumbani Soweto West ndani ya mfuko wa unga, akaiweka mezani, akaifuta vumbi kwa leso yangu safi. Nilimgombeza kwa ajili ya ile leso na wala hakunisikia.

Ploti yetu ilikuwa na vyumba kumi na viwili vya mabati vinavyotazamana, na katikati uchochoro wa kuanikia nguo. Sisi tulikaa namba tatu. Watu sita kwenye ploti, Urbanus akiwemo, walikuwa na kompyuta, nyingi za mkono wa pili, na Urbanus akawashawishi wenzake wachangie laini moja ya intaneti. Kampuni ikaweka antena juu ya paa, waya ukashuka hadi kwenye ruta, na ruta ikawa inasambaza hewani. Mwanzoni haikufika hata chumba cha pili, maana mabati yanazuia. Alihangaika nayo Jumamosi nzima. Mwishowe akaining'iniza kwenye ule mwanya ulioachwa kati ya ukuta na paa, akaifunika nailoni kwa ajili ya mvua, na kule namba kumi na mbili mtu akapiga kelele kwamba imeshika.

Wiki ya kwanza aliiacha wazi aone inavyokwenda. Kufikia Ijumaa kulikuwa na vijana wawili tusiowajua wamekaa nje ya ukuta wetu na laptop magotini, na intaneti yetu ikawa inatambaa. Hapo ndipo mume wangu alipoanza kufunga.

Alibadilisha jina la mtandao. Akabadilisha paswadi ya ule ukurasa wa kuipangia ruta kazi, kwa sababu zote hutoka kiwandani na paswadi moja ambayo kila fundi anaijua. Akaweka paswadi nyingine ya kuingilia, ndefu, ya herufi na namba zilizochanganywa. Haikumaliza wiki mbili. Watu wa ploti waliigawa kama wanavyogawiana chumvi, na vijana wakarudi kukaa nje ya ukuta. Urbanus alikasirika akakosa kula. Halafu akagundua kitu ambacho kilimfurahisha kuliko vyote: kila kompyuta ina namba yake iliyopewa kiwandani, na ruta inaweza kuamriwa isimjibu yeyote ambaye namba yake haipo kwenye orodha. Kando ya kila namba pana nafasi ya kuandika mwenye mashine.

Mtu mwingine angeandika Mama fulani, Baba fulani, basi. Urbanus alitaka kitambulisho. Aliwaita wale watano wengine nyumbani kwetu mmoja mmoja, akachukua kitambulisho, akaandika jina kamili na namba ya chumba. Mimi nilikuwa napika, nikamwambia, "Kwani unasajili wapiga kura?"

"Kevin wako watatu hapa," akanijibu. "Nikitaka kumtoa mmoja nitamjuaje?"

Wa mwisho kuja alikuwa Mama Brayo wa namba saba. Mumewe alikuwa Mluhya, dereva wa lori la kwenda Malaba, na ndiye aliyemletea laptop ili atafute kazi ya unesi nje ya nchi. Mama Brayo mwenyewe alikuwa mpole, mwenye kucheka kwa kujiziba mdomo. Aliweka kitambulisho mezani uso chini. Urbanus alipokigeuza, mimi nikasoma juu ya bega lake: Wangoi, wa Thika. Miaka mitatu tulikuwa tumeanika nguo kamba moja na sikuwahi kujua kwamba ni Mkikuyu.

"Ni lazima uandike hilo?" akauliza.

"Kila mtu ameandikwa, Mama Brayo. Hata mimi."

Ulikuwa mwezi wa saba. Jina wakati huo lilikuwa jina tu, naye akaruhusu.

Kitu kingine alichofanya mume wangu ni kumpa Oloo wa namba moja paswadi ya ule ukurasa. Oloo alikuwa mchomeleaji wa mageti, mtu wa miaka arobaini na kitu, rafiki yake wa kutazama mpira. Urbanus akiwa Upper Hill na mtu amenunua kompyuta mpya, Oloo angeweza kumwongeza. Alimkalisha kwenye kiti changu akamwonyesha ile orodha, majina sita yamepangwa kando ya vyumba vyao. Oloo aliitupia jicho tu bila kuyasoma majina, akasema hiyo sasa ndiyo kazi ya mtu aliyesoma. Urbanus alitembea na sifa hiyo kwa wiki nzima.

Halafu ikaja Desemba, tukapiga kura, na tarehe thelathini matokeo yakatangazwa: rais, ambaye ni Mkikuyu, ameshinda tena, na mtaa wetu ukasema kura zimeibwa. Sina haja ya kueleza usiku ule. Asubuhi moshi ulikuwa umejaa mpaka ukishika ukuta unaacha masizi kidoleni. Ploti iliyokuwa nyuma yetu iliteketea, watu wake wakatoweka. Vijana wakaweka mawe na geti la mti kwenye njia inayotoka kwetu kuelekea mtaa unaoitwa Raila, na kila anayepita akawa anaulizwa jina. Waliojaribu kutoka na magunia ya nguo ndio waliokaguliwa zaidi, kwa hiyo mwenye jina baya ilikuwa heri atulie ndani. Wangoi alitulia. Brayo alikuwa Kakamega kwa nyanya yake tangu kufungwa kwa shule, kama mwanangu Kevin alivyokuwa Machakos, na lori la mumewe lilikuwa limekwama Malaba kwa sababu barabara zimezibwa. Alikuwa peke yake kabisa.

Sisi Wakamba tulikuwa tunapita. Naona aibu kusema nilivyofurahi. Mtu wetu alikuwa amegombea urais kivyake na akashindwa kivyake, hatukuwa huku wala kule. Ningefika pale getini na mtungi wa maji, niseme Nzilani wa Machakos, nao wangesema, "Hao ni wa katikati. Pita, mathe." Nilipita nikijiona mjanja.

Tarehe saba Januari, siku ya Jumatatu, Oloo alikuja mlangoni kwetu na daftari la shule. Hakuingia. Zamani angekuwa ameshakaa na kuomba chai.

"Sasa, fundi," akasema. "Kamati ya usalama inataka majina ya ploti yote. Ya kitambulisho, si hizi za Mama nani."

"Yanafanyiwa nini?" Urbanus akauliza.

"Ni security tu. Hata mimi nimetumwa." Hakuwa anamtazama. "Hawa wengine watanidanganya. Lakini wale sita wa wireless uko nao tayari, na ni za ukweli. Fungua tu nione."

Stima ilikuwa imepotea tangu Jumapili. Urbanus akamwonyesha balbu.

"Ikirudi basi," Oloo akasema. "Ama nitaangalia mwenyewe, si paswadi ulinipea." Akageuka kuondoka, kisha akasimama. "Huyu Mama Brayo ni wa wapi haswa? Kuna wasee wa Kakamega walimsalimia kikwao, akajibu na Kiswahili."

"Ameolewa huko," Urbanus akasema.

"Najua ameolewa. Nauliza ametoka wapi."

Aliondoka bila jibu. Mume wangu alikaa kitandani akashika kichwa. Nilikuwa na hasira naye. Nikamwambia kama angeandika Mama Brayo kama binadamu wengine tungekuwa tunalala. Hakubisha. Nilitaka abishe.

Kufuta orodha yote kusingesaidia, maana Oloo alishaiona ina majina sita na angejua kuna kitu kinafichwa. Kubadilisha paswadi ya ukurasa kungekuwa vilevile. Kilichobaki ni kubadilisha mstari mmoja, na kuubadilisha kabla Oloo hajawasha laptop yake. Stima ingerudi wakati wowote, na ingerudi kwetu na kwake kwa pamoja. Urbanus hakutoka siku hiyo. Alikaa mbele ya kompyuta iliyozimika, kidole karibu na swichi.

"Nimwandike nani?" akaniuliza. "Jina la Kiluhya?"

"Watamsemesha tena. Anajua kuomba maji tu."

Ndipo nikasema. Wangoi alikulia mashamba ya mkonge karibu na Thika, alicheza na watoto wa Kikamba, na tulipokuwa tukifua alikuwa akinitania kwa Kikamba safi kuliko cha Kevin wangu. Kikikuyu na Kikamba vinakaribiana, hata lafudhi yake isingemsaliti. Na Wakamba walikuwa wanapita.

"Mwandike wetu," nikasema. "Mwandike Nthenya Mutisya. Nitasema ni binamu yangu."

Urbanus akasema ni sawa, ni wazo zuri. Nakumbuka nilivyojisikia vizuri.

Stima ilirudi Jumanne saa nne asubuhi. Taa ndogo za ruta zikaanza kuwaka pale juu kwenye mwanya. Nilisimama mlangoni nikitazama namba moja. Nyuma yangu nilisikia vidole vya Urbanus vikipiga herufi, akakosea, akafuta, akapiga tena. Mlango wa Oloo ulikuwa wazi na nilimwona akivuta kiti. Urbanus akasema, "Imeingia." Haikupita dakika kumi Oloo akatoka na lile daftari, peni sikioni, akaja moja kwa moja kwetu.

"Kumbe Mama Brayo ni mtu wenu," akaniambia.

"Ni binamu yangu. Mama yake na mama yangu ni ndugu."

"Mbona hukuwahi kusema?"

"Uliwahi kuniuliza?"

Akacheka kidogo. Nilimwona amefarijika, na mpaka leo naamini alifarijika kweli, kwa sababu Oloo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye daftari.

Nilienda namba saba nikamfundisha. Jina lako nani? Nthenya. Baba yako? Mutisya. Kwenu? Kitui, karibu na Mutomo. Alirudia, nikamkosoa, akarudia. Nilimwambia kitambulisho akichome, tukakichoma kwenye jiko, kikajikunja na kutoa harufu ya plastiki chumba kizima. Nilimwambia usikubali hilo jina lingine hata kwa nani, hata ukiamshwa usingizini. Alicheka akijiziba mdomo, mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Akasema kwa kuwa sasa yeye ni Mkamba, ataenda kununua unga mwenyewe, maana siku tano alikuwa anakula cha kuletewa. Nikamwambia nenda. Mimi nilimwambia nenda.

Alitoka mchana. Foleni ya unga ilikuwa ndefu siku hizo. Sikuwa na wasiwasi.

Jioni, jua likiwa bado juu ya mabati, redio zote za ploti zilikuwa zimefunguliwa kwa sababu rais alikuwa anataja mawaziri. Nilikuwa nakata sukuma. Urbanus alikuwa amekaa kwenye kizingiti. Wakataja makamu wa rais, na alikuwa mtu wetu. Yule aliyekuwa wa katikati alikuwa amevuka upande wa serikali.

Redio ziliendelea. Kisha mlango mmoja ukafungwa, na mwingine, na kutoka upande wa Raila nikasikia sauti ya watu wengi, na chuma kikigongwa kwenye nguzo ya stima, polepole, mfululizo. Mwanamke wa namba tano, ambaye nilimkopesha kitunguu asubuhi, alinitazama akaingia ndani.

Nilimtazama Urbanus naye akanitazama. Katika ile orodha ya Oloo kulikuwa na Wakamba wa vyumba viwili, sisi na namba saba.

"Wangoi," akasema.

Tulikimbia. Mlango wake ulikuwa na kufuli nje. Hakuwa amerudi, na huko kwenye foleni ya unga hapakuwa na redio. Tukatoka hadi mwisho wa uchochoro, pale unapokutana na ile njia yenye geti. Walikuwa vijana kama ishirini, na Oloo katikati yao na daftari lake. Na ng'ambo ya pili, akitembea kwa utulivu na pakiti mbili za unga kwenye mfuko wa karatasi, alikuwa anakuja Wangoi.

Alituona. Akatabasamu, kama mtu anayetaka mwalimu wake aone.

"Unaitwa nani?" mmoja akamuuliza.

"Nthenya," akasema. "Nthenya Mutisya. Kwetu ni Kitui."

Aliyasema vizuri sana, bila kusita, jinsi nilivyomfundisha. Yule kijana akamgeukia Oloo. Niliona Oloo akifungua daftari, niliona kidole chake kikishuka kwenye ukurasa. Angeweza kusema hayupo. Akasema, "Namba saba. Yuko."

Nilitaka kupiga kelele kwamba si Mkamba. Ningesema ni nani? Jina lake la kweli lingemwua haraka zaidi. Urbanus naye alifungua mdomo na nikajua alikuwa akitafuta jina lolote, na hakulipata. Basi akafanya kitu ambacho sikukitarajia kutoka kwa mtu anayerudi kuvuta kufuli. Alitoka kwenye uchochoro akatembea hadi katikati yao na kusema, "Mimi ni Urbanus Mutuku. Namba tatu. Huyo mama mwacheni."

Hawakumwacha, na yeye pia hawakumwacha. Sitaandika yaliyofanyika pale. Ninachokumbuka ni unga, mweupe, umemwagika njia nzima na watu wakiukanyaga. Oloo alinijia, akanishika bega akanisukuma nyuma kwenye uchochoro na kusema bila kunitazama, "Nenda, Mama Kevo. Nenda sasa hivi."

Nilikwenda. Nilimpata Urbanus asubuhi kwenye zahanati ya kanisa, mkono umevunjika pawili na jicho limefungika, lakini yuko hai. Wangoi alikuwa amechukuliwa na gari la wagonjwa pamoja na wengine, hawakujua ni hospitali gani. Sisi tulienda Kawangware kwa dada yangu Mwongeli, tukalala sakafuni. Huko nako watu walikuwa wameanza kuulizana majina, lakini hatukuwa na kwingine pa kwenda.

Ijumaa kaka yake Wangoi, anaitwa Ephantus, alitupigia simu. Alikuwa ametoka Thika tangu Jumatano na namba yetu alipewa na mume wa Wangoi kule Malaba. Alikuwa na sauti ya mtu asiyelala. Alisema amezunguka hospitali zote, kila mahali anauliza Wangoi, kila mahali wanatazama vitabu vyao na kumwambia hawana mtu wa jina hilo. Akatuomba tumsaidie kutafuta.

Tuliuliza kwenye hospitali mbili tukamkosa, na Ephantus tukamkuta nje ya hospitali ya tatu. Alisema hapa alishauliza mara mbili, Jumatano na Alhamisi, tusipoteze wakati. Urbanus, mkono wake kwenye plasta, alimpita. Aliingia mpaka dirisha la kuandikishia na kuuliza kama wana Nthenya Mutisya.

Mwanamke wa dirishani akashusha kidole kwenye kitabu. Alisema ndiyo, alikuwepo. Aliletwa Jumanne jioni, wodi ya wanawake, kitanda cha karibu na mlango. Alikuwa na fahamu hadi Alhamisi. Walikuwa wamemuuliza mara kadhaa kama hilo ndilo jina lake, ili watafute jamaa, na kila mara alisema ni hilo hilo, hana lingine. Alifariki Alhamisi saa nane mchana. Hakuna mtu aliyekuja kumwona.

Ephantus alikuwa amesimama nyuma yetu. Alhamisi saa nane mchana alikuwa kwenye korido ile ile, hatua chache kutoka mlango wa ile wodi, akimtaja Wangoi kwa kila aliyepita. Alitusogelea polepole akauliza dada yake alipata wapi jina hilo, na nani aliyemwambia alishikilie.

"Ni mimi," Urbanus akasema. "Mimi ndiye niliyemwandika."

Nilikuwa kando yake kabisa, nimemshika ule mkono mzima. Nilijua ni zamu yangu kusema, nikanyamaza.